Maradhi Yasiyojua Mpaka: Mhadhara wa Umma juu ya Homa ya Malaria katika Mulanda na Jirani Zake



Nimetakiwa niseme juu ya siha ya aila katika maisha ya kila siku, na ijapokuwa mlango huo ni mpana, hata mtu aweza kutaja maji ya kunywa, moshi wa jikoni na malori yapitayo kwa kasi katika njia ya Malaba, nimeona ni aula kushika jambo moja tu, nalo ni homa ya malaria, kwa kuwa katika ardhi hii ya mashariki ya Uganda, iliyo baina ya Tororo na Busia, wanamokaa Jopadhola, Wasamia na Waiteso bega kwa bega, ni nadra kumpata mzazi asiyewahi kukesha na mtoto aliyeshikwa nayo.

Tangu mwaka 1897, alipouona Ronald Ross kule Bara Hindi mdudu wa maradhi haya ndani ya tumbo la mbu, imekuwa dhahiri adui ni nani. Walakini kumjua adui ni jambo moja na kumzuia ni jambo jingine. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu waliohesabu mbu wa Tororo walikadiria kuwa mtu mmoja hapa alikuwa akiumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku, kadiri ambayo ni katika zile kubwa kabisa zilizopata kuandikwa popote duniani. Vyandarua vikagawiwa kwa wote mwaka 2013, na kuanzia mwisho wa mwaka 2014 kuta za nyumba zikapuliziwa dawa duru baada ya duru. Na watoto waliokuwa wakifuatwa na watafiti pale Nagongera, wilayani Tororo, ambao zamani waliugua karibu mara tatu kwa mwaka, wakafikia hali ya kupita mwaka mzima, akthari yao, bila ya kuugua malaria hata mara moja.

Naomba tutulie kidogo hapa, maana jinsi jambo hili lilivyofanyika ndiyo asili ya yote nitakayosema. Mbu jike akimnyonya mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Hana budi kuishi siku kumi au zaidi hata vijidudu vikomae mwilini mwake, na mbu walio wengi hufa kabla ya muda huo kutimia. Basi dawa iliyo ukutani anapopumzika, na iliyo katika nyuzi za chandarua anapomtafuta mtu, humpunguzia umri, na umri wake ukipungua maradhi hukosa chombo cha kusafiria. Kwa hiyo mbu afaye katika chumba chako ni mbu ambaye, laiti angeishi, angemwuma mtoto wa jirani yako juma lijalo. Na chandarua kilichogeuzwa kuwa uzio wa miche ya mboga, au wavu wa kuvulia samaki, ni dhara kwa mtaa mzima, si kwa mwenye nacho peke yake.

Ushahidi wa maneno haya uko hapa hapa petu. Wilaya ya Tororo ilipopuliziwa dawa, wilaya ya Busia iliyo jirani haikupuliziwa, na watafiti walipozifuata nyumba za pande mbili za mpaka huo wa wilaya, waliikuta malaria ni nyingi zaidi upande wa Busia, ilhali watu ni wale wale, mashamba ni yale yale, na mbu hana cheti cha kusafiria. Kisha mwaka 2020 dawa za kupulizia zikabadilishwa, na haukupita muda mrefu homa ikarejea kwa nguvu katika wilaya zilizokwisha kuisahau, Tororo ikiwamo. Nasikitika kusema kwamba miaka ya raha ilikuwa imetulegeza; na kinga ile ambayo mwili huipata kwa kuugua mara kwa mara hupungua mtu akaapo muda mrefu bila ya kuugua, hata mtoto mkubwa ambaye zamani angeumwa kichwa tu huweza kulazwa.

Katika nyumba, basi, la kwanza ni kutazama mwanya ulioachwa baina ya ukuta na paa, ambao mbu wa malaria huupenda kuliko mlango. Nyumba za sakafu ya saruji, paa la bati na mianya iliyozibwa zimeonekana katika nchi hii kuwa na malaria chache, na kuziba mwanya kwa udongo si gharama kubwa. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, wala kisianikwe juani, maana jua huidhoofisha dawa. Wengi huamini kuwa kufyeka nyasi kando ya nyumba kwatosha. Usafi ni jambo jema, lakini mbu huyu hutaga katika vidimbwi vya maji vilivyo wazi kwa jua, kama mashimo ya wafyatua matofali na nyayo za ng'ombe bondeni, na huko ndiko kunakostahili majembe yetu.

Mtoto akipata homa, apimwe siku ile ile, asingojewe hata Jumatatu. Dawa ya mseto ni ya siku tatu, asubuhi na jioni, na inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Vidonge vilivyobaki baada ya mtoto kupata nafuu si akiba ya mdogo wake, ni dawa ambayo bado hajaimaliza. Akishikwa na degedege, au akitapika kila kitu, au akishindwa kunyonya, au akilegea asiamke, hapo hapana shauri jingine ila hospitali, usiku au mchana. Na mama mwenye mimba aende kliniki mapema, apewe dawa ya kinga tangu mwezi wa nne, asipungukiwe na mara tatu kabla ya kujifungua.

Limebaki la chanjo. Ng'ambo ya mpaka wa nchi, Busia ya Kenya ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuipokea tangu mwaka 2019, na Uganda ilianza mwezi wa Aprili 2025, mtoto akichanjwa akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Chanjo zilizoanzishwa pande hizi mbili si za aina moja, wala miezi yake haikupangwa sawa, na aila zetu huvuka mpaka kwa biashara, kwa mazishi na kwa ndoa. Kwa hiyo nawasihi akina mama wavukapo na mtoto waichukue kadi yake ya kliniki, na nawasihi wauguzi wa pande zote mbili, ambao baadhi yao wamo katika ukumbi huu, wampokee mtoto aliyeanza ng'ambo na kumkamilishia, wasimrudishe mlangoni kwa sababu ya rangi ya kadi.