Spika Nne kwa Amplifaya Moja
Maneno kwa viongozi wa vikundi, Laare



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mnaobeba vyombo siku ya harambee. Mimi si fundi wa redio, kazi yangu ni maendeleo ya jamii. Lakini amplifaya ya kikundi ikiungua, fundi huletewa amplifaya na mimi huletewa kikundi: huyu anamlaumu yule, na michango ya shilingi hamsini hamsini, pamoja na ile ya watu wa miraa, imekwenda na moshi. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya waya.

Geuzeni spika muangalie nyuma. Imeandikwa omu 8, au 4. Huo ni ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia stima isipite ovyo. Namba ikiwa ndogo, stima nyingi hupita. Sasa geuzeni amplifaya. Pale pa kuunga spika pameandikwa kiwango cha chini, mara nyingi omu 4. Msishuke chini ya hapo.

Spika moja ya omu 8 haina neno. Ukiongeza ya pili, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, wengi hudhani sasa ni omu 16. La! Stima imepata njia mbili, ukinzani umeshuka hadi 4. Spika nne namna hiyo ni omu 2. Tuseme amplifaya inatoa volti 20. Kwa omu 8 inapitisha ampea 2.5, kwa omu 4 ampea 5, kwa omu 2 ampea 10. Chombo cha kubeba 5 mmekitwika 10! Na ubaya wake, asubuhi kinalia vizuri sana, hata watu wanapiga makofi. Saa sita, jua kali, harufu inaanza. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake. Lakini kuna kijana mjanja (mnamjua) anayeweka karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Hapo sasa zinazoungua ni transista.

Njia ipo. Chukua spika mbili za aina moja, nyeusi ya kwanza iungwe na nyekundu ya pili. Hizo ni omu 16. Fanya vivyo hivyo kwa mbili zilizobaki. Kisha unga jozi hizo mbili sambamba, unarudi omu 8. Zote nne zinalia. Sauti itakuwa chini kidogo, lakini itafika jioni.

Halafu waya wenyewe. Viwanja vyetu hapa Nyambene vina mteremko na watu hukaa mbali. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba ukivutwa mita 50, kwenda na kurudi ni mita 100, nao una karibu omu 1.2. Kwa mzigo wa omu 4, karibu robo ya nguvu inaishia njiani. Kwa omu 8 ni kama sehemu moja ya nane. Ule mwembamba wa kengele ndio mbaya zaidi. Mbali sana, afadhali honi za laini ya volti 100. Lakini hizo zina transfoma na mahali pake pa kuungwa, msizichanganye na maboksi.

Kila kikundi kiwe na mita ya kupimia. Kabla ya kuwasha, ng'oa waya za spika kwenye amplifaya uzipime. Mzigo wa omu 8 husoma karibu 6, msishtuke. Ikisoma 2 au chini yake, amplifaya ibaki imezimwa mpaka mjue ni wapi waya zimegusana au nani ameunga vibaya, hata kama mgeni wa heshima ameshafika.