Mtu Mmoja Mbele ya Mataifa: Kirilo Japhet na Ardhi ya Wameru
(Nasaha kwa wazazi na vijana wa Nyanungu)



Tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya ubaguzi wa rangi, na juu ya mtu mmoja aliyesimama kuupinga. Tuwaulizapo vijana habari hizi, hututajia Afrika Kusini, au humtaja Rosa Parks, yule mama wa Montgomery, Marekani, ambaye tarehe 1 Desemba 1955 alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Ni haki yake kutajwa. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Mtanganyika mwenzetu, Kirilo Japhet, Mmeru wa Arusha, alikuwa amekwisha kusimama New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, kuushitaki ubaguzi uliofanywa katika ardhi hii yetu.

Ubaguzi huo ulikuwa wa namna gani? Serikali ya kikoloni, kwa kufuata mapendekezo ya Tume ya Wilson ya mwaka 1947, ilitaka ardhi ya walowezi kuzunguka Meru na Kilimanjaro iwe eneo moja lililoungana, pasiwepo na Mwafrika katikati yake. Engare Nanyuki, malisho ya Wameru, ikaangukia ndani ya mpaka huo. Kuanzia Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto, na mifugo ikatawanyika. Hawakuwa wezi, wala hawakuwa na deni la mtu. Kosa lao lilikuwa rangi ya ngozi zao. Nyinyi wafugaji mnajua bila kufundishwa maana ya kundi kukosa maji na malisho kwa siku moja tu.

Wameru walifanya nini? Walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki, lakini hawakuiachia ikawatawala. Hawakushika silaha. Walikataa kuhamia Kingori walikopangiwa, wakakataa na fidia, kwani waliona kuwa kupokea fedha ni kukiri kwamba wameuza. Kisha wakachanga. Kwa michango hiyo, na kwa msaada wa mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Kirilo Japhet alisafiri mwaka 1952 hadi Umoja wa Mataifa.

Tuzingatie hekima ya safari hiyo. Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini, aliyokabidhiwa Mwingereza chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Aliyepewa amana huulizwa juu ya amana yake. Wameru walilijua hilo, nao wakapeleka shauri lao kwa yule aliyekuwa na haki ya kuuliza. Kumbe elimu ya kujua mlango wa kubisha ni nusu ya safari!

Je, alishinda? Katika kura ya Baraza Kuu, Desemba 1952, azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili zilizohitajika. Mwenye haraka atasema: basi, safari ilikwenda bure. Sisi twasema, tazameni yaliyofuata. Japhet alirejea, akazunguka nchi akiwaeleza watu shauri hilo, akifuatana na wazalendo wa chama cha TAA, akiwemo Abbas Sykes wa Dar es Salaam na Saadani Abdu Kandoro. Watu ambao hawajapata kuuona mlima Meru wakatambua kuwa dhulma ya Wameru ni dhulma yao. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, na Machi 1955 Julius Nyerere naye akasimama katika Umoja huo huo wa Mataifa. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Na leo Engare Nanyuki ni makazi ya Wameru.

Ndugu zetu, tuna mazingatio mawili.

Kwanza, mtu mmoja hasimami peke yake. Nyuma ya Japhet walikuwapo wachangaji na waliolala nje kwa kukataa kuuza. Kijiji kinachotaka msemaji wa haki kimsomeshe kwanza, na kimgharimie.

Pili, na hili ndilo zito. Ni rahisi kumlaani mlowezi aliyekufa zamani. Lakini sisi wa Tarime na Serengeti tunajiuliza nini pale ukoo unapoudharau ukoo, ng'ombe wanapoibwa, na vijana wanapotoana roho kwa sababu ya mpaka wa malisho? Anayesema "huyu si wa kwetu, asinywe hapa" amechukua mizani ile ile ya mlowezi, isipokuwa amebadilisha jiwe la kupimia. Mlowezi alipima kwa rangi, naye anapima kwa ukoo. Haiwezekani kuichukia dhulma inapotujia na kuipenda inapotoka kwetu.

Basi kila mzazi amfundishe mwanawe kisa hiki, na amfundishe pia kumpa jirani wa ukoo mwingine njia ya kupitisha mifugo yake hadi majini. Hapo tutakuwa tumemheshimu Kirilo Japhet kwa vitendo.