Mashavu Yaliyoingia Ndani: Sindano ya Kujaza au ya Kuamsha Ngozi?

Vuta kigoda uketi. Leo tutazungumza juu ya uso. Si mafuta ya kujipaka wala sabuni. Ni mashavu yaliyoingia ndani, na sindano ambazo siku hizi zinatangazwa kwa simu kwamba zinayarudisha.

Swali tunaloulizwa ni hili: "Nina pesa zangu za chama. Je, nichomwe sindano ya kujaza shavu, au ile ya kuifanya ngozi ijijaze yenyewe?" Ni swali zuri na tutalijibu. Lakini kwanza jiulize, mashavu yalikwenda wapi?

Kwa wengi wetu ni umri. Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta yaliyokaa kama kigodoro, na kigodoro hicho hupungua miaka inavyosonga. Meno ya nyuma yakitoka, shavu huzama zaidi. Huo si ugonjwa. Lakini mashavu yakizama kwa miezi michache, na nguo zikalegea pia, hilo ni jambo lingine. Huenda ni kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, au njaa, ile ambayo mama huificha akiwapakulia watoto kwanza. Hapo pesa za sindano zimepotea bure. Nenda upimwe. Na kama ni mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mashavu yake yamezama, usingoje. Mpeleke kwenye kituo cha afya apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na anahitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Sasa kuna wasikilizaji ambao nataka kuzungumza nao polepole. Ni ninyi mlioanza dawa za ARV zamani, karibu na ule mwaka wa 2006 serikali ilipoondoa malipo katika hospitali zake. Wengi mlipewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, na mojawapo ilikuwa stavudini, ambayo kwenye kadi iliandikwa d4T. Dawa hiyo iliokoa maisha. Watu waliokuwa wakibebwa kwa mkokoteni kwenda hospitali walirudi shambani wakapalilia mahindi yao. Lakini stavudini ilikuwa na ubaya wake. Iliharibu seli za mafuta chini ya ngozi, hasa usoni, mikononi, mapajani na makalioni. Mama alikuwa mzima, uzito umerudi, kinga ya mwili imepanda, lakini uso wake ulionekana kama wa mgonjwa. Majirani wakaanza kumsoma usoni kama gazeti. Kuna walioacha kumeza dawa kwa sababu ya kioo tu, na baadhi yao hatunao tena.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache stavudini kwa sababu ya madhara hayo, na Kenya ikaiondoa pole pole. Siku hizi kidonge cha kawaida kwa mtu mzima kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na hakili mashavu kwa namna ile. Ukibadilishiwa dawa, mafuta hurudi kidogo kidogo, lakini usoni mara nyingi hayarudi yote. Kwa hiyo yupo mama ambaye virusi havionekani tena katika kipimo, ila bado ana uso wa mwaka 2008. Yupo pia kijana uliyemlea tangu utotoni kwa dawa hizo, na leo anakataa kupigwa picha. Usimcheke, na usimwambie ashukuru tu kwamba yu hai.

Ni kwa ajili ya nyuso kama hizo sindano hizi zilipata kibali Marekani. Sculptra iliidhinishwa mwaka 2004, si kwa makunyanzi, bali kwa watu wenye virusi vya Ukimwi waliopoteza mafuta usoni. Radiesse ilifuata mwaka 2006. Mwaka 2010 bima ya serikali huko, Medicare, ilikubali kuzilipia kwa wagonjwa hao pale uso ulipowaletea huzuni kubwa. Hapa kwetu utalipa kutoka mfukoni, na bei ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Haya, tuzitofautishe. Botox iache kando, kwa sababu hiyo hulegeza misuli na haijazi chochote.

Sindano ya kujaza ya kawaida ni jeli ya asidi ya hayaluroni, kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza. Ikiingia, shavu huinuka siku ile ile. Hukaa kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu, kisha huisha na unarudi kulipa tena. Sifa yake kubwa ni kwamba kuna dawa ya kuiyeyusha. Ikikaa vibaya, au ikiziba mshipa wa damu, daktari anaweza kuitoa kwa sindano nyingine.

Sindano ya kuamsha ngozi ni tofauti. Sculptra ni unga wa asidi ya polilaktiki, iliyo jamii moja na nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe. Unga huo huchanganywa na maji na kuchomwa ndani, na mwili hujenga kolajeni kuzunguka chembe zake. Kolajeni ndiyo nyuzi zinazoshikilia ngozi. Usishtuke ukiona shavu limejaa siku ya kwanza na kunywea baada ya siku chache, kwa maana yale yalikuwa maji tu. Utachomwa mara kadhaa, kila mara baada ya wiki kadhaa, na matokeo huja kwa miezi. Yakija, hukaa kama miaka miwili. Madaktari wengi humwambia mgonjwa akande mashavu dakika tano, mara tano kwa siku, kwa siku tano, ili vinundu visijitokeze. Lakini vikitokea, au ukijutia, hakuna dawa ya kuyeyusha. Radiesse, yenye chembe za kalisi ndani ya jeli, iko katikati: hujaza siku ile ile na huamsha kolajeni pia, lakini nayo haina dawa ya uhakika ya kuiyeyusha.

Ukiniuliza mimi, mama ambaye hajawahi kuchomwa, mwenye upungufu mdogo wa umri, aanze na ile inayoyeyushika. Kosa lake hurekebishika. Yule ambaye stavudini ilimchimba shavu sana ni hesabu nyingine, kwa kuwa jeli itahitaji mabomba mengi, na kila mwaka ni kurudia. Kwake ile ya kuamsha ngozi inaweza kufaa zaidi, mradi awe na nauli ya kurudi Nakuru au Nairobi zile mara tatu nne, na daktari aliyeizoea. Ukianza na kukatiza katikati kwa kukosa pesa, utabaki na nusu ya kazi. Na kama una mimba au unanyonyesha, ngoja. Usalama wake kwa mtoto haujathibitishwa, na mashavu hayana haraka.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya sindano zote mbili. Uso una mishipa mingi ya damu, na mingine inaelekea machoni. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, ngozi inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka. Ukichomwa kisha ukapata maumivu makali, ngozi ikawa nyeupe au ya mabaka ya zambarau, au macho yakaona giza, usilale nayo hadi asubuhi. Mrudie daktari saa ile ile, na macho yakiguswa nenda hospitali kubwa moja kwa moja. Ndiyo maana kabla ya kulipa, muulize: "Dawa ya kuyeyusha mnayo humu ndani leo?" Akisitasita, chukua mkoba wako uondoke.

Saluni si mahali pa sindano. Anayechoma awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na cheti cha mwaka huu kiwe ukutani. Kichupa kifunguliwe ukiona, na usome jina lake. Silikoni ya majimaji ikatae kabisa, kwa kuwa haitoki tena. Na sindano iwe mpya. Mwezi wa Aprili 2024 idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitoa ripoti juu ya wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi kupitia sindano za urembo za uso katika kituo kisicho na leseni huko New Mexico.

Wengine wakiona bei hukimbilia vidonge vya kunenepesha mashavu vinavyouzwa kichinichini. Vingi ni deksamethasoni. Uso hujaa kweli, lakini sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, na maambukizi hujificha mwilini. Kama umevimeza kwa wiki nyingi, usivikatize ghafla, kwa sababu mwili unaweza kuzimia. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Na wewe wa ARV, usiache dawa kwa ajili ya uso, na usimfiche daktari wa sindano unachomeza. Kwanza anzia kliniki. Siku yako ya kuchukua dawa ikifika, mwombe muuguzi afungue faili lako la zamani, aangalie kama d4T imo na uliacha mwaka gani, na aangalie pia kama uzito wako umeshuka hivi karibuni.