Meza ya Baščaršija: mazungumzo baada ya safari ya Sarajevo



Mlitutuma Sarajevo, katika nchi ya Bosnia, tukaone namna wanavyoishi leo watu wa mji uliozungukwa na bunduki karibu miaka minne. Ripoti ya mikutano imekwisha kuandikwa na kila komite itapata yake. Leo tumeombwa kusema kwa mdomo, na sisi tumechagua kusema juu ya nyama. Msicheke. Kwa siku tulizokaa kule, tulijifunza mengi mezani kuliko ukumbini.

Sehemu ya kale ya mji inaitwa Baščaršija. Ilianzishwa mwaka 1462 na Isa-beg Ishaković, aliyekuwa gavana chini ya dola ya Waturuki. Ni vichochoro vya mawe na maduka madogo ya mbao. Ukitembea dakika chache tu unapita msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa 1531, kanisa la kale la Waorthodoksi, sinagogi la karne ya 16 na kanisa kuu la Wakatoliki. Na kila unapopita, moshi wa makaa unakufuata, na harufu ya nyama inakuvuta shati.

Tulidhani tutakuwa wageni kabisa. Lakini kahawa wanaiita kahva, bamia ni bamija, duka ni dućan, na nyama yao ya kuchoma, ćevap, ni ndugu wa kababu. Ni maneno ambayo kwao yalifika na Waturuki, na kwetu yalitoka pwani yakapita Tabora na Ujiji mpaka Kasongo. Kuna pia mnara wa saa karibu na msikiti ule. Mmoja wetu alisema saa hiyo ni mbovu. Siyo mbovu: inafuata jua, na jua likizama ni saa kumi na mbili. Tulimweleza mwenyeji wetu kwamba kwa Kiswahili ndivyo tunavyohesabu saa tangu zamani, akafurahi kama mtu aliyekutana na mjomba.

Sasa chakula. Ćevapi ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, pengine na ya kondoo kidogo. Inatiwa chumvi, inakandwa, inaachwa ipumzike, halafu inafinyangwa vipande vidogo kama kidole na kuchomwa juu ya makaa. Mkate wake, somun, ni mviringo na laini. Wanauchovya katika mchuzi wa mifupa na kuupasha juu ya wavu uleule, ili unywe mafuta ya nyama. Juu yake vitunguu vibichi, na pembeni kajmak, utando mzito wa maziwa. Unaagiza vipande vitano au kumi. Wenye njaa kati yetu waliagiza kumi, wakaomba pilipili. Pilipili ya kweli hakuna, tuwaambieni mapema.

Juu ya ćevapi kuna mabishano makubwa. Watu wa Banja Luka huviunganisha vinne vinne, kama kibao. Watu wa Sarajevo wanaona hayo si mambo. Mkumbuke kwamba mapatano ya Dayton ya mwaka 1995 yaliacha nchi ile katika sehemu mbili, na Banja Luka ndipo yalipo makao ya serikali ya sehemu ya Waserbia. Tulisikia watu wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu nyama ya Banja Luka na nyama ya Sarajevo, kisha wakalipa wakaenda nyumbani. Ugomvi wa namna hiyo tungependa kuwa nao Kivu.

Burek ni unga uliotandazwa mwembamba kama karatasi, ukaviringishwa na nyama ndani. Wanauoka chini ya kifuniko cha chuma kilichojazwa makaa juu, kama mama zetu wanavyopalia wali. Kwao, jina burek ni la nyama peke yake; ukisema burek ya jibini watakusahihisha palepale. Tulikula pia sogan-dolma, kitunguu kilichojazwa nyama na mchele, na supu ya kuku na bamia inayoitwa begova čorba. Bamia zao ni ndogo sana, zinakaushwa na kutungwa katika uzi kama shanga. Mama mmoja wa kundi letu alinunua uzi mzima, na tangu turudi hajatuonjesha.

Lakini mjue kwamba mtaa huu wa furaha ulikuwa chini ya mizinga kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996. Ukumbi mkubwa wa vitabu ulio mwisho wa Baščaršija uliteketezwa Agosti 1992. Mwaka 2012, kukumbuka miaka ishirini, walipanga viti vyekundu 11,541 katika barabara kuu ya mji, kiti kimoja kwa kila aliyekufa. Wakati wa vita nyama ya makaa haikuwapo. Kulikuwa na mchele, makaroni, majani ya porini, na mikebe ya msaada.

Juu ya mikebe hiyo, sikilizeni vizuri, sisi tunaofanya kazi na mashirika. Nje ya mtaa wa kale, kilomita chache upande wa magharibi, kuna sanamu ya mkebe wa nyama ya ng'ombe, mkubwa kuliko ndoo, uliosimamishwa mwaka 2007. Umeandikwa kwamba ni shukrani ya wenyeji wa Sarajevo kwa jumuiya ya kimataifa. Ni kejeli. Wenyeji husimulia kwamba hata paka waliikataa nyama ile. Na bado iliwafikisha mwisho wa vita, nao wanalijua hilo. Tulisimama mbele ya sanamu ile kimya. Kila mmoja wetu amewahi kusimama nyuma ya meza akigawa unga na maharagwe, na kila mmoja wetu amewahi pia kusimama upande wa pili, katika foleni.

Chakula kingine cha vita kinakumbukwa tofauti. La Benevolencija ni chama cha Wayahudi wa Sarajevo, kilichoanzishwa 1892. Wakati wa kuzingirwa kilifungua jiko la supu na maduka ya dawa kwa kila mtu, Mwislamu, Mserbia, Mkroati, bila kuuliza jina, na waliofanya kazi humo walitoka pande zote. Jina hilo baadhi yenu mnalijua: shirika la Uholanzi lililolichukua limetengeneza michezo ya redio Rwanda, Burundi na hapa Kongo. Supu ile haikuwa na ladha kuliko mkebe. Ila aliyeipakua alikuwa jirani, naye alikuwa na njaa kama wewe.

Hatutaki kuwadanganya. Tulimuuliza mwenyeji wetu kama kula pamoja kulisaidia amani. Alitujibu kwamba kabla ya 1992 walikula pamoja kila siku, Bajramu na Krismasi, na mizinga ikapanda milimani hivyohivyo. Leo jioni za Ramadhani mzinga unalia tena kutoka ngome ya Žuta tabija, juu ya Baščaršija, kuwaambia watu wafungue saumu. Tulipoambiwa hivyo, tuliwaza kama sisi tungeweza kuuzoea mlio ule.

Basi mbona tunawasumbua na habari za nyama? Kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Mnakumbuka ule mkutano wetu wa upatanisho, tulipochinja mbuzi wawili mwishoni na kupiga picha. Hakuna aliyeuliza nani amechinja. Ndugu zetu Waislamu walikunywa soda, wakasema wameshiba. Wamama wa upande mmoja ndio waliopika, na wa upande wa pili waliitwa wakati sahani zimekwisha kupangwa. Katika ripoti tuliandika kwamba jamii zote zilikula pamoja. Maneno hayo tuliyaandika sisi, na hayakuwa kweli.

Kwa mkutano ujao tunapendekeza hivi. Mbuzi wachinjwe na Mwislamu, mbele ya wazee wa pande zote. Pesa za soko zitolewe siku mbili kabla, kwa wamama watatu wa kila upande, waende sokoni pamoja na kuchagua wenyewe: michopo, sombe, bugali, wanavyotaka. Na sisi wa ofisi tukae tumenye vitunguu. Mweka hazina anasema bajeti haina mstari wa vitunguu, tutaongea naye.

Tunangoja maswali yenu, na mama mwenye bamia aanze.