Mofini ya kunywa

Kwa familia ya Makebuko, mkoani Gitega, Burundi, inayouguza saratani nyumbani, mfano ulio karibu wa kutuliza maumivu ni Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na mofini ya unga ikaanza kuchanganywa na maji, ikanywewa. Tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Wagonjwa hupewa bure.

Ndani ya mwili, mofini hushika vipokezi maalumu kwenye ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe wa maumivu hufifia. Ini huivunja upesi. Ndiyo maana hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Mabaki yake, mengine yakiwa bado na nguvu ya dawa, hutoka kwa mkojo. Figo zikiwa mbovu, mabaki hayo hulimbikizana, na hapo usingizi mzito wa mgonjwa si wa kufurahia: apunguziwe dozi haraka.

Kichefuchefu kinacholetwa na mofini, mwili hukizoea baada ya siku chache. Kufunga choo, mara nyingi hauzoei, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa siku ileile. Isipopatikana, wahudumu wameshauri mbegu kavu za papai.