Kuonja Chai Zilizotiwa Harufu



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kipitacho midomoni mwa watu kila siku wala hakitazamwi, nacho ni chai. Hatukusudii chai ya asubuhi ichemshwayo sufuriani pamoja na maziwa na sukari. Hiyo kila nyumba ina fundi wake, na mgeni asiyeisifu huonekana hana adabu. Twakusudia chai za majani zilizotiwa harufu, ya maua, ya matunda, ya moshi au ya viungo, ziuzwazo madukani katika makopo mazuri yenye picha, kwa bei ipitayo mbali bei ya chai ya kawaida. Mnunuzi hufungua kifuniko, hunusa, hutabasamu, na mkono wake huingia mfukoni. Swali letu ni hili: alichonunua mtu huyu ni chai, au ni harufu tu?

Swali hili si la watu wa anasa peke yao. Miche ya chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza ng'ambo chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani. Tanzania hulima Mufindi, Rungwe na milima ya Usambara. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zina mashamba yao. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hapo ndipo chai ya nchi nyingi hizi hupata bei. Lakini sehemu kubwa ya chai hiyo huondoka ikiwa katika mifuko mikubwa, bila mnywaji wa mwisho kujua imetoka mlima gani. Huko iendako huchanganywa na nyingine, na aghalabu hutiwa harufu. Kopo likiturudia, jina lake ni geni na bei yake ni ngeni vile vile. Basi mtu wa kwetu asiyejua kupambanua wema wa jani na uzuri wa harufu atailipa harufu na kulidharau jani, na jani ndilo jasho la mkulima.

Waonjaji wa kazi hiyo wana kanuni zao. Kipimo kilichoandikwa kwa matumizi ya mataifa yote mwaka 1980 chasema hivi: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, katika chombo cheupe cha kauri chenye kifuniko, kwa muda wa dakika 6. Waonjaji wa zamani wa London walipima majani kwa sarafu ndogo ya fedha ya peni sita, ambayo uzito wake haukufika gramu 3. Chai ikiiva humiminwa bakulini, na majani yaliyolowa huwekwa juu ya kifuniko kilichopinduliwa ili yatazamwe. Kisha muonjaji huteka kwa kijiko na kuivuta kinywani kwa nguvu, kwa sauti ambayo mama zetu wangetutoa mezani kwa ajili yake. Sauti hiyo ina maana. Pumzi iingiayo pamoja na chai huipandisha harufu toka kooni mpaka puani, na bila pua ulimi ni kipofu nusu. Baadaye huitema, kwa maana atakayemeza vikombe mia kwa siku hataonja vingi siku ya pili.

Lugha yetu haikosi maneno ya kazi hii. Yako mengine ambayo wenzetu wangetuonea wivu. Tunalo neno ukakasi. Kila aliyekula bibo au ndizi isiyoiva aujua: ulimi hukauka, mashavu hushikana na meno. Ukakasi si uchungu, wala si ukali. Katika chai ukakasi wa kiasi ndio mfupa wake. Chai isiyo nao husimama kama nyumba isiyo na nguzo, na ukizidi, kinywa huchoka. Maziwa huufunga ukakasi, ndiyo sababu chai kali ya milimani huyapokea maziwa vizuri, na chai nyepesi ya maua huzama ndani yake isionekane tena.

Sasa chai iliyotiwa harufu yahitaji hila moja zaidi. Tuionje mara mbili: ingali moto, kisha ikiwa imepoa kabisa. Harufu nyingi hupanda na mvuke, na mvuke ukiisha mnywaji hubaki ana kwa ana na jani lenyewe. Kikombe kilichotufurahisha dakika ya tano huweza kuwa maji ya rangi dakika ya arobaini. Tena tumimine maji mara ya pili juu ya majani yale yale. Jani jema halimalizi maneno yake mara moja. Na maji tuyaangalie. Maji ya visima vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa. Chai huwa nzito wa rangi, hufanya utando juu, na harufu yake hufifia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kuliko hayo.

Kwa kanuni hizo tulionja aina tano, majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi, na kati yao tuliweka kikombe cha sita cha chai nyeusi ya milimani kwetu isiyotiwa kitu chochote.

Ya kwanza ilikuwa chai ya asumini, na juu ya hii tutakaa kidogo, maana ua lake si mgeni kwetu. Ni asumini ile ile itungwayo katika vikuba vya Unguja, Mombasa na Lamu, ile ifunguayo macho yake jua likichwa. Katika mji wa Fuzhou, jimbo la Fujian huko China, watu wamefanya elimu kutokana na tabia hiyo ya ua. Vikonyo huchumwa mchana vikiwa bado vimefumba. Jioni, vinapoanza kufumbuka, huchanganywa na majani ya chai ya kijani yaliyokaushwa, tabaka kwa tabaka, na usiku kucha jani hunywa pumzi ya ua. Lundo hupata joto, nao hulipindua na kulitandaza ili maua yasiungue. Asubuhi maua huchekechwa na kutolewa, na chai, iliyokwisha kuvuta unyevu wa maua, hukaushwa motoni upya. Kisha jioni maua mapya huletwa, na kazi huanza tena. Chai ya bei ndogo hupita usiku mmoja au mbili. Iliyo bora hurudiwa mara tano, sita, saba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima huo wa asumini na chai wa Fuzhou kuwa urithi wa kilimo duniani mwaka 2014, na UNESCO iliandika ufundi wa chai wa China, pamoja na huu, katika urithi wake mwaka 2022.

Kutokana na kazi hiyo mtaona jambo ambalo wanunuzi wengi hulipindua. Maua makavu yaonekanayo ndani ya kopo si ushahidi wa wema. Ua lililokwisha kutoa harufu yake ni kapi; mafundi wa Fuzhou hulitoa, na wakiacha machache ni pambo. Kopo lililojaa maua huenda limerashiwa mafuta ya manukato, na maua yakatiwa ili macho yashuhudie uongo wa pua. Dawa yake ni ile ya kikombe kilichopoa. Asumini ya kweli hukaa ndani ya maji yenyewe, hata yakiwa baridi, na utamu wake huja nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Ya kurashiwa huelea juu kama marashi ya mtu aliyekwisha kupita njiani. Tuliyoionja ilikuwa ya kweli. Tulitumia maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, kama digrii 80, kwa kuwa maji makali huitia chai ya kijani uchungu. Kumimina kwa pili kulikuwa kuzuri kupita kwa kwanza. Sukari haifai hapa, na maziwa ni dhuluma.

Ya pili ni ile ijulikanayo kwa jina la Earl Grey, lililotokana na Charles Grey, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza toka mwaka 1830 hata 1834. Hadithi zisimuliwazo juu ya jinsi jina lake lilivyoingia katika buli ni nyingi, wala hazistahili kuaminiwa. Harufu yake yatoka katika maganda ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa na ndimu, ambalo kwa wingi hulimwa Calabria, kusini mwa Italia. Hakuna anayelila kwa furaha, maana ni chachu na chungu. Mali yake yote i katika ganda. Mafuta hayo ni makali, kwa hiyo yataka jani lenye nguvu. Jani likiwa dhaifu, kikombe hunuka sabuni. Hii tuliyoionja ilianza kwa majivuno na kuishia katika sabuni.

Ya tatu ni chai ya moshi, itokayo kijiji cha Tongmu katika milima ya Wuyi, ambako majani hukaushwa juu ya moto wa misonobari. Mwenzetu mmoja aliinusa akaisukuma mbali. Mwingine, aliyelelewa karibu na Kericho, aliivuta karibu, akasema yamkumbusha kibuyu cha mursik kilichosuguliwa kwa mkaa. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa muonjaji huja na kinywa chake na kwao pia. Hukumu yetu: moshi ulikuwa mwingi, walakini chini yake palikuwa na jani jema, zito, lenye utamu kama wa tende, na lilipopoa, moshi ulirudi nyuma, jani likasema. Ni chai ya usiku wa baridi, si ya mchana wa Mombasa.

Juu ya chai ya viungo twaweza kuwa wepesi, maana wengi wenu ni walimu wetu. India huipika kwa iliki, tangawizi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Watu wa Ghuba huiita karaki. Na pwani yetu yaijua toka zamani za majahazi. Huku haifai kulipima jani peke yake, kwa kuwa limewekwa libebe mzigo. Chai iliyosagwa na kukunjwa punje punje kwa mashine zilizobuniwa Assam kwenye miaka ya 1930, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chai ya Kenya, hufaa sana. Kosa la makopo ni unga: viungo vilivyosagwa zamani hupoteza roho yake. Iliki ipasuliwe wakati ule ule. Karafuu iwe moja, au nusu, kwa maana hutia ulimi ganzi, na ulimi wenye ganzi hauonji kitu. Kopo letu lilikuwa na karafuu nyingi, nasi hatukuendelea nalo.

Ya tano ilikuwa ya matunda. Vipande vikavu vya tunda vilikuwamo kwa ajili ya macho; harufu ilikuwa ya chupa. Ilipopoa haikubaki na neno.

Basi tulipofunua karatasi baada ya saa moja, vikombe vitatu tu vilikuwa vingali na ladha ya kustahili kutajwa: asumini, moshi, na kile cha chai yetu ya milimani isiyotiwa kitu, ambacho bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote.

Jambo hilo lilitutia moyo kujaribu wenyewe, na twawaeleza kwa wale walio karibu na asumini. Tulichukua chai nyeusi ya milimani yenye majani yaliyosokotwa, si ya vumbi, kiasi cha kujaza vikombe viwili. Jioni tulinunua asumini mbichi kikombe kimoja, vikonyo vikianza kufumbuka, tukachanganya katika bakuli la udongo na kulifunika kwa kitambaa safi. Usiku tuliamka mara moja tukayapindua. Alfajiri tulichagua maua yote, tukayaacha majani juu ya sinia karibu na moto mdogo mpaka yakalia tena yakivunjwa kwa vidole. Hatua hii isirukwe hata kidogo, kwani unyevu ukibaki, ukungu huingia kabla ya siku nyingi. Tulirudia usiku wa pili kwa maua mapya. Chai hiyo si ya Fuzhou, wala haidai kuwa hivyo. Jani jeusi lina sauti nzito, na ua hulazimika kusema taratibu. Lakini ikipoa harufu ingalimo.

Iwekwe katika kopo likazalo kifuniko, mbali na sabuni, mafuta ya taa na dagaa. Jani lililokubali asumini kwa usiku mmoja litakubali dagaa kwa usiku mmoja vile vile.

Kwa herini.