Barua Mbili za Chuo

Kijana wa kwaya yetu, hapa Busia, ameniletea barua mbili: uhandisi wa umeme Makerere, na uhandisi huohuo Nairobi. "Mwinjilisti, niombee nipate ishara." Nitaomba, lakini kwanza tukae tuhesabu, kama yule mjenzi wa mnara wa Luka 14.

Makerere ni miaka 4, Nairobi 5. Huo ni mwaka mzima wa karo na chumba, si mchezo.

Mimi nina cheti cha shule ya Biblia tu, mambo ya waya siyajui. Ila mpwa wangu alisoma uhandisi, chuo sikitaji, akamaliza ndipo akaambiwa bodi ya wahandisi haiitambui kozi yake. Na mamake alikuwa ameshauza ng'ombe! Basi wewe kijana, usiulize jina la chuo. Uliza kozi yenyewe, na uiulize bodi, siyo matangazo. Kuvuka mpaka kusikutishe: mwaka 2012 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini kutambuana wahandisi. Lakini ni wale waliosajiliwa, sikia hapo.

Kijana wetu anapanda matatu kesho kwenda kuuliza bodi. Barua moja inataka jibu Ijumaa.